Ngozi Haina Kosa

Mpiga ngoma akikolea, akina mama wanatoka kwenye viti na kumbandika noti kwenye paji la uso. Wachezaji wakikolea, wanapigiwa vigelegele mpaka mtaa wa pili. Sasa niambieni, ni nani aliyewahi kubandikwa noti usoni kwa sababu amezunguka mji mzima wa Kalemie, kuanzia bandarini mpaka ng'ambo ya mto Lukuga, akitafuta bulo moja, yaani bolti, ya kukazia ngoma hiyo? Hayupo. Najua hayupo kwa sababu mtu mwenyewe ni mimi, na paji langu la uso ni kavu.

Katika kwaya yetu mimi ni msimamizi wa vyombo. Siimbi. Nilipoomba kuimba walinisikiliza kwa heshima, wakanong'onezana, kisha wakaniambia kwamba sauti yangu inafaa sana kulinda vyombo. Basi tangu siku hiyo waya wa gitaa ukikatika, naitwa mimi. Maikrofoni ikinyamaza, naitwa mimi. Na ngoma ikilegea katikati ya wimbo wa matoleo, wote wanageuka, sauti ya kwanza hadi ya nne, wananikazia macho mimi badala ya kukaza ngoma. Huwa nawajibu kwa utulivu wa mtu mzima: ngozi haina kosa. Iwe ya mbuzi, iwe ya plastiki, ngozi inaomba kitu kimoja tu duniani, ivutwe sawasawa pande zote. Taabu yote iko kwenye kile kinachoivuta. Na kile kinachoivuta, ndugu zangu, hakiuzwi Kalemie.

Ngoma zetu ni zile za kizungu ambazo huku tunaziita bateri: kubwa ya kupigwa kwa mguu, ndogo yenye nyaya chini ya tumbo, tatu za kati, na matoazi mawili, moja zima na lingine limepasuka ukingoni. Zilivuka ziwa kutoka Kigoma zikiwa zimeshapigwa na watu wengine, katika nchi nyingine, hadi wakazichoka. Kwa hilo sinung'uniki; huku kwetu hata shati huvaliwa kwanza na mtu mwingine. Ninachonung'unikia ni kwamba zilikuja katika makatoni matatu, na tulipoyafungua tulikuta ngoma zote zipo, pete zote zipo, ila bulo kumi na moja hazipo.

Wenzangu wakasema, "Ni safari ya ziwa hiyo, Papa, vitu hupotea." Ziwa gani? Kwenye ziwa hili hili Wajerumani walileta meli nzima ikiwa vipande. Waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapelekwa kwa reli hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikaunganishwa ribiti kwa ribiti na kushushwa majini. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Masanduku 5,000, vita katikati, imelala chini ya maji kwa miaka, na bado ilisafiri! Sisi makatoni matatu, ziwa shwari, bulo kumi na moja zimekwenda.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chumba kimoja na bateri (zetu zinalala kwangu, chini ya dirisha, na mke wangu ana maoni yake), nieleze inavyofanya kazi. Ubavuni mwa mzinga wa ngoma kuna vyuma vidogo tunavyoviita masikio. Ndani ya kila sikio kuna ekru, yaani nati, iliyojificha. Ngozi ya plastiki imeshikwa na kipete chembamba cha aluminiamu, nayo inalazwa juu ya mdomo wa mzinga. Juu ya kipete hicho inakaa pete nene ya chuma yenye matundu, na katika kila tundu inapita bulo ndefu, nyembamba, inayoshuka mpaka kwenye sikio lake. Ukizungusha bulo, pete inashuka, ngozi inavutika. Basi, hakuna uchawi.

Ngoma ndogo yetu ina masikio manane. Hukazi kwa kuzunguka duara. Unakaza hapa kidogo, unaruka ng'ambo, unakaza kidogo, unarudi upande huu kwa jirani, unaruka tena, mpaka pete yote ishuke kwa usawa mmoja. Halafu unagonga kwa kidole karibu na kila bulo na kusikiliza kama sauti zinafanana. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa upande mwingine anapata ngozi yenye mikunjo, na ngoma inayotoa sauti mbili kwa pigo moja, ya kwake na ya shetani.

Tatizo ni bulo yenyewe. Kwanza, kichwa chake ni cha mraba, kidogo, na hakuna ufunguo wa fundi pikipiki unaokishika. Kinataka ufunguo wake peke yake. Ukikibana kwa koleo pembe zinaliwa, na baada ya hapo hata huo ufunguo wake utateleza. Pili, unene. Wamarekani walikubaliana zamani kwamba bulo ya ngoma iwe ya kipimo wanachokiita 12-24. Hiyo 24 ni idadi ya meno ya bulo katika inchi moja. Unene wake ni kama milimita 5.5. Viwanda vingi vya Asia vikafuata. Sasa chukua pikipiki zote za Kalemie, hizi zinazobeba abiria, ndizi na magunia ya makaa: zimejaa bulo za milimita sita na za milimita tano. Ya sita haiingii. Ya tano inaingia lakini haishiki, inacheza tu ndani. Yetu imekaa katikati, kwenye nusu, mahali ambapo hakuna duka. Na msidhani wazungu wenyewe wanaelewana. Wajerumani wa Sonor wanatumia kipimo chao cha milimita, na Waingereza wa Premier zamani walikuwa na chao. Wanachoelewana ni kwamba sisi tutatafuta.

Nilikwenda kwenye kenkayeri moja mjini, duka la vyuma, na bulo moja niliyoifunga kwenye leso. Mwenye duka aliigeuza, akaijaribu kwenye ekru ya sita, akatikisa kichwa. Akaijaribu kwenye ya tano, akatikisa tena.

"Papa, hii ulitosha wapi?"

"Kwenye ngoma."

"Ngoma ya mashine?"

"Ngoma ya kupiga. Ya kanisa."

"Ngoma iko na bulo?" Akawaita wenzake waje waone. "Kwetu Moba ngoma iko na miti."

Bwana mmoja aliyekuwa nyuma yangu ananunua misumari akasema kwa sauti ya mtaalamu kwamba ngoma yenye bulo iko chini ya gari, kwenye magurudumu ya nyuma, na kama breki zinapiga kelele basi niende kwa fundi. Duka zima likacheka. Nilirudisha bulo yangu kwenye leso na kutoka bila kuaga, jambo ambalo si desturi yangu.

Wakati mimi nachekwa, kijana wetu wa bateri hakungoja. Alipata bulo za sita kwa mwenye pikipiki, akaona haziingii, akachukua nyundo. Sitaki kueleza zaidi. Itoshe kusema kwamba ekru mbili zilipoteza meno yote kabla sijafika, na kijana akanipokea kwa furaha: "Papa, zimeingia!"

Ndipo tukaenda kwa fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Kamkolobondo. Huyu ni mtu anayetengeneza mageti, majiko, vitanda na, anaposhikwa na uchungu, misalaba ya makaburi. Aliitazama ngoma ndogo pande zote, akagonga sikio moja kwa kucha, akasema, "Haya masikio ni ya uongo." Akayakata yote manane. Halafu akachukua nondo za sita, zile za kujengea nyumba, akazikata vipande, akapinda kila kipande upande mmoja kuwa kulabu ya kushika pete ya juu, upande wa pili akauchonga meno, akaupitisha kwenye pete ya chini na kufunga ekru ya pikipiki. Pete ya juu na pete ya chini sasa zinavutana zenyewe, mzinga umesimama katikati hauna kazi.

Kwa haki, si wazo la kijinga. Ngoma za majeshi ya Ulaya zilifungwa kwa kamba kutoka pete ya juu hadi ya chini, na kwenye kamba kulikuwa na vipande vya ngozi ambavyo ukivisukuma chini kamba inakaza. Baadaye kamba zikaondolewa, zikaja fimbo za chuma. Uganda wanafanya hivyo hivyo kwa mikanda ya ngozi, ngozi ya juu na ya chini zinavutana. Hata bateri za leo, ngoma kubwa ya mguu pete yake hushikwa kwa kulabu. Fundi wetu hajasoma lolote kati ya hayo. Amefika mwenyewe, kwa njia ya mageti.

Lakini nondo ni nondo. Ngoma ambayo binti mdogo wa sauti ya kwanza aliweza kuibeba kwa mkono mmoja ikawa inatembea na watu wawili wanaopokezana. Tena pete ya juu ilikuwa imepinda kidogo, fundi akaona aibu kuirudisha hivyo, akatengeneza mpya kwa chuma bapa. Alipounganisha ncha zake kwa moto, pakabaki nundu. Pete ya ngoma ikiwa na nundu, ngozi inaisikia. Ikaanza kukunjamana pale pale, na jioni ya mazoezi, kwenye wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mambo yote, ikapasuka kuanzia kwenye nundu hadi katikati.

Wote wakageuka kuniangalia.

Sasa ngozi ya plastiki usiidharau. Zamani hata Ulaya na Marekani walipiga ngozi ya ndama, na unyevu ukija inalegea, jua likija inakaza mpaka inachanika. Miaka ya 1950 ndipo wakaanza kutumia ile plastiki ngumu inayoitwa Mylar, ya kampuni ya DuPont. Chick Evans akatengeneza zake, na mwaka 1957 Remo Belli akaanzisha kampuni yake kule Los Angeles, na tangu hapo wapiga ngoma wa dunia nzima wakaacha kuogopa mvua. Isipokuwa sisi. Sisi tunaogopa mvua kwa sababu ya bulo, zinaota kutu. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia mjini, watu waliokoa magodoro. Mimi nilikuwa nimebeba ngoma ya mguu kichwani, na mke wangu akiuliza watoto wako wapi.

Kuagiza ngozi mpya kutoka Lubumbashi, mpaka ifike huku itakuwa imezeeka. Basi mmoja wa sauti ya tatu, ambaye ana jamaa wa kazi za hospitali, akatuletea picha ya eksirei, ile karatasi nyeusi ya plastiki. Usicheke, inalia. Inalia kavu na kali, na sehemu nyingi duniani watu wasio na hela wameitumia hivyo. Tuliikata duara, fundi akaibana kwenye kipete kile kile cha aluminiamu, Jumapili ikapigwa. Mambo yalikwenda vizuri hadi jua la saa nne lilipoingia kwa dirisha la mashariki na kupita ndani ya ngoma. Mbavu zikaonekana. Mbavu za mtu, safu mbili, na moyo upande wa kushoto. Tuliimba Utuhurumie juu ya kifua cha Mkristo mwenzetu asiyejulikana. Baada ya misa akina mama watatu walinifuata, si kunibandika noti, bali kutaka kujua ni kifua cha nani na je, amepona. Mmoja aliacha nia ya misa kwa ajili yake.

Hapo bado sijafika kwenye ufunguo.

Ngoma nyingine bado zina bulo zake za mraba, kwa hiyo tulihitaji ule ufunguo. Fundi alichukua bomba jembamba, akalipiga mpaka tundu likawa la mraba, akalichomelea kijiti cha kukingama kwa juu. Ulikuwa ufunguo mmoja. Kwa mji mzima, nadhani. Kijana wa bateri akautia kamba na kuuvaa shingoni, juu ya rozari, na kuanzia siku hiyo tabia yake ikabadilika. Tulikuwa tunamwita, sasa tunamngojea. Ukimwambia ngoma ya pili imelegea anakujibu, "Papa, nitaiangalia." Mwalimu wa kwaya mwenyewe, mtu anayewakaripia wazee, alikuwa anamwomba kwa upole. Nikaelewa kwamba tumetoa uongozi wa kwaya kwa bomba la bafuni.

Halafu kanisa moja la uamsho, sitalitaja kwa sababu spika zao zinafika mpaka kwangu na ninataka kulala, likampa kijana huyo nauli. Nauli! Anakaa hatua chache kutoka kwao. Akaenda, na ufunguo ukaenda naye. Nilimfuata nyumbani.

"Mwanangu, Mungu akubariki huko ulikokwenda. Ufunguo uache."

"Papa, ufunguo ni wa mpigaji."

"Ulilipwa na kwaya."

"Bomba lililipwa na kwaya. Mkono wa kujua kukaza ni wangu."

Mama yake akaniletea kiti na maji ya kunywa, akaniuliza habari za nyumbani, akanisifu kwa unyenyekevu wangu. Ndiyo namna ya hapa ya kumwambia mtu kwamba kesi imekwisha.

Bila mpigaji na bila ufunguo, kwenye komiti walitoka na wazo la tumba, zile ngoma ndefu mbili za rumba, za kupigwa kwa viganja. Hapo niliomba nafasi ya kusema, na nilisema sana. Maana tumba ni ngoma yetu. Watu wa Kongo walichukuliwa utumwani, wakafika Kuba na ufundi wao vichwani. Kule ngozi ilipigiliwa kwa misumari na kupashwa moto, hivi hivi tunavyofanya vijijini. Katikati ya karne iliyopita wakaanza kuweka bulo na kulabu. Wapenzi wa muziki humtaja Carlos "Patato" Valdés kati ya waliotangulia. Kisha ngoma ikarudi kwetu kwa njia ya santuri, ikaingia kwenye rumba ya Kinshasa na Brazzaville, ile ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021. Ilitoka hapa na vigingi bila nauli, imerudi na bulo na bei ya dola. Nakubali kwamba bulo za tumba ni nene na zinakazwa kwa spana ya kawaida. Lakini jumla ya gharama ilipotajwa, komiti yote ilikumbuka shughuli nyingine nyumbani.

Basi ikabaki ngoma ya vigingi. Padri hakuwa na neno. Katanga yetu hii ya zamani ndiyo iliyotoa Missa Luba, kule Kamina mwaka 1958, chini ya Mfransiskani Guido Haazen, na ngoma za kwetu zikapata heshima yake ndani ya kanisa. Tukamwita mzee mmoja wa upande wa Moba.

Mzee alikuja na mzinga aliouchonga zamani, akaomba mbuzi. Hapo ukazuka mgogoro nisioutarajia, kwa sababu kwaya yetu inajua njia moja tu ya kushughulika na ngozi ya mbuzi: inababuliwa manyoya kwenye moto, inakatwakatwa pamoja na nyama na kuliwa. Mbuzi aliyechunwa, kwa sauti ya nne, ni mbuzi aliyeibiwa nusu. Walibishana mpaka mzee akauliza kama wanataka kupiga ngoma au kuitafuna. Mbuzi akachunwa, nyama ikapikwa na bukari ili kutuliza nyoyo.

Mzee aliiloweka ngozi usiku kucha, akaikwangua manyoya kwa kipande cha chupa. Asubuhi akailaza mbichi, inadondosha maji, juu ya mdomo wa mzinga. Akatoboa tundu ukingoni, akapigilia kigingi kimoja kwa mshazari, kichwa kikiangalia juu. Nilidhani ataendelea na jirani yake. Hakuendelea. Aliizunguka ngoma, akaivuta ngozi kwa vidole vya mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akapigilia cha pili ng'ambo, mkabala na cha kwanza. Kisha akarudi. Kisha akavuka tena. Mchoro ule ule wa bulo nane! Hajawahi kuishika bateri, na aliponiona nimeshangaa akaniuliza kama naumwa. Ubavuni alikuwa ameacha kitundu, akakifunika kwa utando mweupe wa buibui, huo ndio unaoipa ngoma ule mvumo wa puani. Ikishakauka, akasema, ataweka nta katikati ya ngozi ili sauti ishuke.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini huyo ni mwambaji mmoja. Mzee alikuwa na waambaji arobaini nyuma ya mgongo wake, kila mmoja anavuta kwa mdomo. Sauti ya kwanza wanataka ikazwe ilie juu, sauti ya nne wanataka iachwe ivume chini, mwalimu wa kwaya anataka ilingane na kinanda, na katekista anataka imalizike kabla ya katekisimu. Mzee alikuwa na vigingi vitatu mdomoni, ndiyo maana hakuwajibu.

Wenzetu wa Burundi, huko kaskazini mwa ziwa, ngoma zao za kifalme zinafungwa kwa vigingi pia. Zimeandikwa na UNESCO tangu mwaka 2014. Vigingi vyake wanaviita amabere, yaani matiti, na ngozi ina jina la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Ngoma nzima ni mama. Halafu mwaka 2017 ikatoka amri ya rais kwamba wanawake wasizipige. Nilipomsimulia mke wangu, aliacha mwiko kwenye sufuria.

"Kwa hiyo matiti ni yetu, fimbo ni zao?"

Nikamwambia mimi ni msimamizi wa vyombo tu.

Je, ngoma ya mzee inalia? Inalia mpaka vioo vya sakristia vinatetemeka. Kigingi kikilegea unakigonga kwa jiwe, kikipotea unakata kingine mtini, na mti hauna kipimo cha 12-24. Ningefurahi ningekuwa mtu wa kufurahi. Ila masika yamekuja, na ngozi ya mbuzi inakunywa unyevu wa ziwa. Inaanza misa ikiwa kali, Utukufu unaikuta imetulia, na kwenye Injili inalia kama godoro. Dawa yake ni moto. Kwa hiyo wakati wa mahubiri inabidi ngoma itolewe nje, iwashiwe majani makavu, ipashwe taratibu, mbali kidogo na ndimi za moto zisije zikaiunguza. Mwanzo alitoka nayo mpigaji peke yake. Halafu akahitaji mtu wa kuishika. Halafu mtu wa kuchochea moto, na mtu wa kuangalia mvua. Sasa mahubiri yakianza sauti ya nne wote wanasimama kwa pamoja, wanaiinamia altare, na kwenda kupasha ngoma. Padri ameniuliza, kwa upole, kama hakuna ngoma inayokazwa kwa bulo.

Juzi nikapeleka hesabu. Mweka hazina wetu ni mama mmoja asiyecheka, ana daftari lenye mistari ya vipuri, usafiri na chakula. Niliandika: mbuzi mmoja, vipuri.

"Papa, mbuzi ni chakula."

"Mama, mbuzi ni ngozi. Ngozi ni ya ngoma. Ngoma ni chombo. Kinachotengeneza chombo ni kipuri."

"Bulo ni kipuri. Bulo inakuja na fakitire ya duka. Huyu mbuzi ana fakitire?"

"Mwenye mbuzi hana mhuri, Mama. Lakini kazi ni ile ile. Andika tu, bulo moja, ya miguu minne."

Alivaa miwani, akapitia ukurasa wa chakula kutoka juu hadi chini kwa kidole, polepole.

"Sawa. Ngozi ninaiona, iko kwenye ngoma. Nyama uliiandika wapi?"

Niligeuka kuwatafuta sauti ya nne waje wanitetee, maana nyama hiyo walioijua vizuri ni wao. Nikaambiwa wametoka kupasha ngoma moto. Haikuwa hata siku ya misa.